Amoxicillin iliyobaki kwenye chupa si akiba ya mtoto

Katika nyumba nyingi haikosekani chupa ya amoxicillin ya mtoto iliyobaki nusu. Mtoto alipata nafuu siku ya tatu, dozi ikaachwa, chupa ikawekwa kabatini. Mwezi unaofuata akikohoa tena, mama anaitikisa chupa na kuinusa. Rangi ni ileile, harufu ya matunda bado ipo. Anampa kijiko kimoja.

Lakini rangi na harufu si dawa. Viliwekwa ili mtoto akubali kunywa. Dawa yenyewe huharibika bila jicho kuona.

Amoxicillin ya watoto huuzwa ikiwa unga kwa sababu maji huivunja taratibu, na joto huharakisha uharibifu huo. Ikishachanganywa na maji, siku zake ni za kuhesabu. Nyingi hudumu siku 7 hadi 14, kulingana na maelezo ya mtengenezaji. Ile yenye clavulanic acid hutakiwa kukaa kwenye jokofu.

Wataalamu hujuaje kwamba dawa imepungua? Maabara hutumia mrija mwembamba wa chuma, mfupi kuliko rula ya shule, uliojazwa chembe za silika, ambayo ni jamii moja na mchanga. Chembe hizo ni ndogo mno. 200 zikipangwa kwenye mstari hufika kama milimita moja.

Silika ya kawaida hupenda maji. Hivyo wanakemia huivisha minyororo ya kaboni 18, nayo hupata tabia ya mafuta. Huitwa C18. Sampuli ya dawa husukumwa kwa pampu kupita humo. Kinachopenda maji hupita haraka, kinachopenda mafuta hushikwa na kuchelewa. Kwa njia hiyo, iitwayo kromatografia, amoxicillin, mabaki yake yaliyovunjika na viungo vya ladha hutoka kwa nyakati tofauti.

Kifaa cha mwanga huchora kila kinachotoka kama kilima kwenye grafu. Kilima cha amoxicillin hulinganishwa na cha dawa safi ambayo kiasi chake kinajulikana. Viwango vya dawa vya Marekani hutaka asilimia 90 hadi 120 ya kilichoandikwa kwenye chupa. Chupa ya miligramu 125 kwa kila mililita 5, kwa mfano, isipungue miligramu 112.5. Dawa ikikaa muda mrefu, kilima chake hushuka na vya mabaki hupanda.

Kwa mtoto mwenye nimonia, upungufu huo ni hatari. Vijidudu hubaki hai, hali inazidi kuwa mbaya, na mzazi anaamini mwanawe yuko kwenye matibabu.

Nyumbani hakuna mrija wa silika, hivyo kinga ya mzazi ni kalenda:

- Andika kwenye chupa tarehe dawa ilipochanganywa.
- Tumia maji safi yaliyochemshwa na kupoa, hadi kwenye alama ya chupa. Usiyazidishe ili dawa itoshe siku nyingi.
- Tikisa kabla ya kila dozi, na pima kwa kijiko au bomba la dawa, si kijiko cha chai.
- Maliza dozi kama ulivyoelekezwa. Ikibaki baada ya siku zake, irudishe kwa mfamasia.
- Kama huna jokofu, uliza vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji. Kila kimoja huyeyushwa wakati wa kunywa tu.

Kumbuka pia kwamba kikohozi na mafua ya kawaida havihitaji amoxicillin. Lakini mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akipata degedege, usifungue kabati. Mkimbize kituo cha afya.