Majina Tunayowapachika Watoto Darasani

Ukifika hapa Hadado, Wajir Magharibi, ukamwulizia mtu kwa jina lililo katika kitambulisho, huenda usimpate. Taja jina lake la utani, na mtoto mdogo atakupeleka hadi mlangoni. Wasomali huliita naanays. Nalo lina sababu yake, maana akina Mohamed Abdi wanaweza kuwa wanne katika kijiji kimoja, sasa utawatofautisha vipi? Hata Siad Barre, aliyetawala Somalia tangu 1969 hadi 1991, watu walimwita Afweyne, yaani mwenye mdomo mkubwa.

Shida inaanza jina hilo likiingia darasani. Langare ni kiwete. Dhegoole ni kiziwi. Indhoole ni kipofu. Kwa mzee wa miaka sitini mwenye ngamia wake na heshima mbele ya wazee wenzake, Langare limekuwa jina tu, naye mwenyewe anaitika akicheka. Lakini yule msichana wa darasa la tatu anayetembelea fimbo hacheki. Akiitwa hivyo kila asubuhi, mwishowe anaanza kusema tumbo linamuuma na hawezi kwenda shule.

Kuna neno lingine ambalo wengi hawalihesabu kuwa tusi: reer baadiye, watu wa porini. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, toka mwisho wa 2020 hadi 2022, familia nyingi zilipoteza mifugo zikasogea karibu na vituo. Watoto wao wakaingia shule wakiwa wamechelewa. Mvulana wa miaka kumi na tatu anaketi dawati moja na wa miaka saba, anashika kalamu kama fimbo ya kuchungia, na wenzake wanamwita mzee. Huyo mvulana anajua kukamua ngamia na kufuata nyayo za mnyama aliyepotea, mambo ambayo hao wanaomcheka hawayawezi. Lakini nani amewaambia? Baada ya wiki mbili anarudi porini, nasi tunaandika katika ripoti ati wazazi hawapendi elimu.

Walimu nao wana sehemu yao. Walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya waliondoka kaskazini mashariki baada ya shambulio la basi la Mandera la Novemba 2014, na hao wanaokuja huku leo twawashukuru. Ila mwalimu asiyejua Kisomali akisikia darasa zima likiita Dhegoole, anadhani ndilo jina, naye anaita vivyo hivyo! Wengine hawahitaji hata Kisomali. Wana “mjinga” na “punda” zao za Kiswahili. Kiboko kilikatazwa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza pia kumdhalilisha mwanafunzi kwa njia ya kumwumiza moyo. Naona kiboko kimepungua kidogo, lakini ulimi umechukua zamu.

Sasa tufanye nini? Mimi ni Mkatoliki, nasi hapa tu wachache, kwa hiyo sipeleki barua za Mtakatifu Paulo katika darasa la watoto Waislamu. Sina haja. Sura Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Mwalimu mkuu amwombe mwalimu wa dugsi aje awafafanulie watoto aya hiyo. Neno lake litaingia kuliko langu.

Pili, tusiwaambie watoto “acheni” tu, tuwape la kusema badala yake. Wasomali ni watu wa maneno, na naanays si lazima liwe baya. Kuna Geesi, shujaa. Kuna Deeqsi, mkarimu. Darasa litafute jina zuri kwa jambo ambalo mtoto amelifanya kweli, na mwenyewe aulizwe kama analipenda. Sifa ya uongo wataigundua upesi. Yule mvulana wa porini apewe nusu saa awafundishe wenzake alama za mifugo, halafu tuone nani ataitwa mzee.

Maneno ya ukoo yasivumiliwe hata mara moja. Wajir tunajua yalikotufikisha miaka ya 1992 na 1993, kabla akina mama, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, hawajaanza kazi yao ya amani. Mtoto anayemtukana mwenzake ukoo amelisikia neno hilo nyumbani, kwa hiyo mzazi aitwe pia.

Na wewe mwalimu mgeni, wiki ya kwanza ya muhula mwombe mwenzako Msomali mkae na rejista, akueleze kila jina unalosikia likiitwa lina maana gani. Ni kazi ya nusu saa chini ya mti.