Je, Wajua? Nasaba ya Litungu
Je, wajua kwamba litungu la Wakurya wa Tarime na Serengeti, chombo cha nyuzi nane kilichowambwa ngozi, chenye mikono miwili iunganishwayo na mti ufungiwao nyuzi hizo, lina umbo moja na nyatiti ya Wajaluo, krar ya Uhabeshi na tanbura iliyofika Ghuba pamoja na watu wenye asili ya Afrika? Na kwamba vinubi vya umbo hilo, vyenye umri upatao miaka 4,500, vilifukuliwa makaburini Ur, nchini Iraki? Nami, nisikiapo ngurumo nzito ya litungu, husadiki kuwa fundi wa litungu astahili taadhima ile ile wapewayo mabingwa wa ng'ambo, na kwamba yawapasa vijana wetu kutaalamu kwake maadamu yu hai.