Ngumi na Vidole Vitano

Mgonjwa wa saratani aliyelala nyumbani kwake kijijini Uganda huombwa na muuguzi aoneshe mkono. Akifumba ngumi, hana maumivu. Akinyoosha kidole kimoja, yapo kidogo. Akivinyoosha vyote vitano, yamemzidi. Kipimo hiki, kinachotumiwa katika dodoso la Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, hakidai kisomo wala umeme. Kinachotakiwa ni mtu wa kuketi karibu na kuutazama mkono huo.

Machi 2020 mtu huyo alikwama njiani. Kisa cha kwanza cha Korona Uganda kilithibitishwa tarehe 21. Siku chache baadaye usafiri wa umma ulisimamishwa, na kabla mwezi haujaisha magari binafsi nayo yakapigwa marufuku. Aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari alipaswa kwanza kupata ruhusa ya mwakilishi wa rais wilayani. Boda boda ziliachiwa mizigo tu. Sizibezi amri hizo, maana ugonjwa ulikuwa mpya na hofu ilikuwa ya haki. Lakini zilitungwa kwa kumfikiria mtu atakayepona. Mama ambaye saratani ya shingo ya kizazi imekwisha kumsambaa mwilini hakuwa na muda wa kungoja njia zifunguliwe. Dozi ya morfini humtuliza kwa takriban saa 4, kisha maumivu hurudi.

Tiba shufaa haiwahusu walio ukingoni mwa maisha peke yao. Ni matunzo ya yeyote anayeteswa na ugonjwa mzito, awe anatibiwa bado au dawa za kuponya zimefika mwisho. Neno shufaa lenyewe limebeba huruma na kumwombea mwenzako, nami sijaona jina bora zaidi kwa kazi hii.

Nchini Uganda kazi hiyo ina chupa zake. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha hospisi mjini Kampala, akaja na njia rahisi ya kutengeneza morfini ya kunywa: unga wa morfini, maji, kihifadhi kidogo na rangi. Rangi ya kijani ni dawa hafifu, ya waridi ni kali zaidi, ya buluu ndiyo kali kuliko zote. Bibi asiyejua kusoma hachanganyi chupa kwa urahisi. Ikishamezwa, morfini hushika vipokezi vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo, na ujumbe wa maumivu hupunguzwa nguvu njiani. Hakuna sindano wala dripu. Mwaka 2004 Uganda ikaenda mbali zaidi, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo wenyewe, bila kumsubiri daktari ambaye pengine yuko wilaya nyingine.

Ndiyo maana naamini tiba shufaa ilikuwa na kitu ambacho hospitali kubwa hazikuwa nacho janga lilipoingia: ilikuwa imezoea kukaa nyumbani. Wodi haipakiwi kwenye boda boda, chupa inapakiwa. Muuguzi aliyezuiwa kusafiri anaweza kupiga simu, akamuuliza mjukuu anayemuuguza bibi yake vidole vingapi vimenyooshwa leo, choo kinapatikana au dawa imemfunga, kidonda kinanuka. Hata harufu ya kidonda ina dawa yake: metronidazoli iliyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda huwaua bakteria wanaoishi pasipo hewa, ambao ndio chanzo cha harufu. Hilo si jambo dogo. Harufu ikiisha, ndugu husogea tena kitandani.

Kisha kulikuwa na wagonjwa wa Korona wenyewe. Kubanwa pumzi ni mateso yenye hofu ya pekee, na penye uhaba wa oksijeni hofu hiyo huwa maradufu. Wengi huiogopa morfini kwa kuwa ikizidi huzima pumzi, na ni kweli. Lakini dozi ndogo iliyopimwa vizuri inaweza kutuliza kengele ya hatari inayolia ubongoni, na hisia ya kuzama ikapungua. Kwa ambaye mashine ya kupumulia haikuwepo, au haikuwa na msaada tena, hicho bado kilikuwa kitu cha kumpa.

Kama dawa yenyewe ipo. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi na bado inanikasirisha. Unga wa morfini si dawa ya bei kubwa.

Lililokuwa gumu kuliko dawa ni mguso, kwa kuwa kumkaribia mgonjwa kulikuwa hatari. Hapo jirani zetu wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, walikuwa wametangulia kujifunza. Mwaka 2018, Ebola ilipowaka Beni, shirika la misaada ya tiba la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu, mgonjwa mmoja katika kila chumba. Kutani mna mikono ya glovu. Mhudumu aliye nje huingiza mikono yake humo na kumhudumia mgonjwa. Ndugu husimama upande wa pili wa plastiki, wakazungumza na mgonjwa wao uso kwa uso, na mikono yake wanaiona.