Fahamu: Maji ya chini ya ardhi yanavyoinua jengo

Oktoba 2019, mvua kubwa ziliikata barabara ya Korogwe–Handeni. Mafuriko yale kila mtu aliyaona. Maji yaliyo chini ya msingi hayaonekani.

Korogwe iko kando ya Mto Pangani, na karibu na mto maji ya ardhini hupanda masika. Kila mita ya kina chini ya usawa wa maji hayo huongeza msukumo wa kwenda juu wa takribani tani moja kwa mita ya mraba. Tangi la ardhini lililozama mita mbili ndani ya maji hayo, likiwa tupu na jepesi, huelea kama mtumbwi.

Handeni ni kukavu zaidi, lakini penye mfinyanzi mweusi udongo huvimba ukilowa, husinyaa ukikauka, na kuta hupasuka.

Ndiyo maana mhandisi huchimba shimo la majaribio kabla ya kusanifu msingi, na hupima maji masika na kiangazi.