Mizigo Miwili ya Mkimbizi

Mtu akimbiaye vita huacha nyumba, na shamba, na makaburi ya wazee wake. Lakini yale aliyoyaona hawezi kuyaacha. Watu wengi hudhani kwamba huo ndio mzigo wake wote. Sivyo, uko na wa pili.

Mwezi wa Mei mwaka 2015 Warundi maelfu kwa maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, na huko kipindupindu kikawapata. Meli kuukuu Liemba ikawachukua mpaka Kigoma, kisha wengi wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Wamekwisha kuokoka. Je, mioyo nayo ilitulia?

Kuni zilipokwisha, mama hakuwa na budi kutoka nje ya kambi, na huko porini wanawake wengine walipigwa na kutendwa jeuri. Mwaka 2017 posho ya chakula ilipunguzwa, kwa kuwa fedha haikutosha. Mume aliyezoea jembe alikaa kutwa bila kazi, wala hakujua ya kesho. Huu ndio mzigo wa pili.

Mwaka 2010 wataalamu wawili, Kenneth Miller na Andrew Rasmussen, walieleza jambo hili: vita huujeruhi moyo, tena huzaa dhiki za kila siku, nazo dhiki hizo hulitonesha jeraha lisipone. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zilizopatwa na vita, mtu mmoja katika kila watano ana maradhi ya akili, mazito au mepesi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi mwalimu, ukimwona mtoto wa mkimbizi ashtukaye mlango ukigongwa, au asinziaye darasani kwa kuwa usiku hana usingizi, usikimbilie fimbo. Wala usiseme amerogwa. Mketishe karibu nawe, umpe kazi aiwezayo, na kila siku afuate saa zile zile, apate kujua litakalofuata.

Nanyi akina mama, mwendapo kuni, mchukueni jirani mgeni awe pamoja nanyi. Baba mwenye shamba, mpe mwenzako nafasi ya kulima. Msimlazimishe mtu kusimulia aliyoyaona. Akitaka mwenyewe kusema, msikilizeni bila haraka. Lakini akikataa chakula siku nyingi, au akinena habari ya kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali upesi.

Mzigo wa kwanza hatuwezi kumtua. Wa pili ni kuni, na chakula, na kazi, na upweke. Na huo mikono yetu yaufikia.