MKANDA WA MOTERE: USINGOJEE UKATIKE

Ndugu mfanyakazi, kazini unakagua mitambo kila posti. Je, mkanda wa motokari yako, ule mafundi wanauita kuruwa, uliutazama lini?

Mkanda ukikatika njiani si hasara ya feza tu. Katika motokari nyingi ndio unaozungusha pompi ya maji. Ukikatika, motere inachemka. Dereva mwenye haraka anafungua radiatere ingali moto, na maji yanamrukia usoni.

Mkanda wa nje uutazame kila mwezi. Zima motere, ondoa ufunguo, ngojea ipoe. Weka vidole mbali na feni: feni ya umeme yaweza kuzunguka hata motere ikiwa imezimwa. Ukiona nyufa, nyuzi zinazotoka, ao mkanda umelowa mafuta, ubadilishe. Ukilia wakati wa kuwasha, fundi apime mkazo wake. Usiushike kamwe motere ikizunguka: utakula vidole.

Mkanda wa distribusio ni mwingine. Umefichwa chini ya kifuniko, na mara nyingi unakatika bila kuonya. Katika motere nyingi, ukikatika, pistoni zinagonga valvu na motere inaharibika. Hapa kilometa na miaka ndizo zinaamua. Fuata kitabu cha motokari yako: vingi vinataja kilometa kati ya 60.000 na 160.000, tena na kikomo cha miaka. Kinachofika kwanza ndicho sheria. Motere nyingine zina mnyororo pahali pa mkanda, muulize fundi.

Umenunua motokari iliyotumika, bila kitabu? Usikisie. Badilisha mkanda, pamoja na puli ya kuukaza, na pompi ya maji kama inazungushwa na mkanda huo. Kazi ya kufungua ni ile ile moja. Kisha andika tarehe na kilometa, uzibandike karibu na motere.

Mtu akiungua, mwagilia pahali palipoungua maji baridi ya bomba dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Mpeleke dispensere.

Na wewe mama, kabla ya kupandisha watoto kwa safari ya Likasi ao Kolwezi, uliza: «Baba, mkanda una miaka mingapi?» Kama hana jibu, safari ingojee. Mkanda mpya unauzwa. Jicho na kidole haviuzwi.