Joto la Hewa, Maji ya Mto na Afya ya Watoto Wetu

Mama msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini maji ya kijito huuma kwa baridi alfajiri, na kufikia saa tisa alasiri yamekuwa vuguvugu? Jibu lake linagusa afya ya watoto wako.

Maji ya mto hupata joto kutoka kwenye jua, hewa na ardhi. Hewa ikipata joto maji nayo hufuata, lakini polepole, kwa kuwa kilo moja ya maji huhitaji joto mara nne hivi ya lile linalohitajiwa na kilo moja ya hewa. Ndiyo maana mto mkubwa wenye kina haubadiliki sana kati ya mchana na usiku, bali kijito chenye maji machache hupata joto na kupoa siku ile ile.

Tazama Mlima Kilimanjaro. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka, joto la hewa huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Vijito vinavyotoka msituni ni vya baridi kali, lakini vikifika tambarare, kuelekea Mto Kikuletwa, maji yake yamekwisha kupata joto.

Hatari ya maji vuguvugu

Konokono waenezao kichocho hupenda maji vuguvugu yaendayo polepole. Vijidudu hutoka kwao kwa wingi jua likiwa kali, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, saa zile zile watoto wapendazo kuogelea. Hupenya hata ngozi isiyo na kidonda. Maji ya kuogea yakae siku mbili ndani ya chombo kilichofunikwa, bila konokono, au yachemshwe. Ya kunywa yachemshwe daima. Mtoto akikojoa damu, mpeleke zahanati mapema. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Hatari ya maji baridi

Mwezi wa Juni na Julai huko milimani, maji ya mto yanaweza kumdhuru mtoto mchanga, maana mwili wake hupoteza joto upesi. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita tangu azaliwe. Baadaye, pasha maji moto, yapime kwa kiwiko, mwogeshe haraka, mkaushe na kumfunika mara moja, kichwa pia.

Tutunze kivuli

Miti ya kando ya mto huyakinga maji na jua. Ikikatwa, maji hupata joto na oksijeni hupungua, samaki wakakosa pumzi. Lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu tu. Nchini Tanzania, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Akina mama, ndio sisi tuchotao maji. Kikundi chetu cha kanisa kikipanda miti ya asili kando ya kijito mvua za masika zijazo, tutakuwa tumemtumikia Muumba na kuwalinda watoto wetu pamoja.